Bustani Yangu na Boti ya Shemeji

Jumatatu, 26 Machi

Wylene ametoa hukumu. Kaitoa mezani asubuhi, bila kupaza sauti, akipaka siagi kwenye mkate. Kasema kile kiwanja kando ya nyumba amekitazama miaka minne. Miaka minne mume wake analima, na miaka minne nyanya tunanunua dukani kama watu wa ghorofani. Basi, Jumapili ya kwanza ya Mei, tukitoka kanisani, atakwenda kukikagua. Akikuta kitu kilichopandwa na kinachoishi, kiwanja ni changu hadi nizikwe. Akikuta magugu na vijiti, kaka yake Cleavon ataegesha boti yake pale.

Boti! Boti yenyewe haijawahi kuona maji ila ya mvua.

Niandike kwa utulivu. Kiwanja kile alikilima babu yangu kwa nyumbu. Baba yangu akakilima kwa nyumbu yule yule, amezeeka (nyumbu, si baba). Sukuma wiki iliyotoka pale ililisha nusu ya kanisa letu mwaka wa mafuriko. Mimi nimeendesha basi la shule miaka thelathini na moja, nikastaafu, nikarudi kwenye jembe. Si kosa langu kwamba jembe lilikuwa limeshanisahau.

Mwaka wa kwanza nilimwaga chumvi kuua konokono. Konokono walikufa. Kila kitu kilikufa. Miaka mitatu iliyofuata sitaki kuizungumzia.

Alasiri Cleavon akaja. Alipima kiwanja urefu na upana huku akinisalimia kwa heshima zote. Nisimjali, shemeji, yeye anapita tu. Mtu anayepita tu habebi futikamba.

Jumatano, 28 Machi

Kesho kutwa ni Ijumaa Kuu. Hapa Alabama, Ijumaa Kuu kila mwenye udongo hupanda. Ndivyo walivyofanya wazee, na ndivyo nitakavyofanya.

Bi Odessa hakubali. Bi Odessa Trimble ni jirani yetu, miaka themanini na miwili, na bustani yake haijawahi kumwangusha. Aliniita kwenye ua akaniambia kwamba Ijumaa Kuu ikiangukia Machi ni siku ya kusali tu, si ya kupanda. Nitazame mti wa pekani ulio nyuma ya kanisa. Ukichipua, baridi imekwisha. Usipochipua, nikae kwenye kiti. Nikamwambia mti haujui Pasaka. Akasema haujui, lakini baridi unaijua kuliko mimi.

Hata hivyo alinipa miche kumi na miwili ya nyanya, imo kwenye makopo ya kahawa, minene, imesimama wima. Nilifurahi mno.

Nikasema asante.

Lo! Ulimi huu! Kila mtoto wa hapa anajua kwamba mche wa kupewa haushukuriwi. Waweza kusema "haya". Waweza kuusifu udongo. Ukisema asante, mche unakufa. Mama yangu alinifinya sikio kwa kosa hilo nikiwa na miaka sita. Lakini miaka thelathini na moja nimesimama kwenye mlango wa basi nikiwaambia watoto, sema asante, sema asante, na sasa linatoka lenyewe.

Bi Odessa alifumba macho. Akayachukua makopo moja moja, akayarudisha barazani kwake. "Hiyo umeshaizika, Elbert," akasema. Nirudi siku nyingine, na mdomo niuache nyumbani.

Alhamisi, 29 Machi

Nimepata njia. Mche wa kupewa na kushukuriwa hufa, sawa. Lakini mche wa kuibwa hustawi kuliko yote, na hilo pia kila mtu hapa analijua. Basi nitaiba ile ile. Wizi utafuta asante.

Asubuhi nilimweleza Bi Odessa mpango wangu, kwa adabu. Akasema vizuri, ataingia ndani ajifanye haoni. Nikamwambia haifai. Wizi wenye kibali ni zawadi. Ni lazima asijue nitakuja saa ngapi. Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Ibada ya Alhamisi Kuu ilikuwa saa kumi alasiri. Nilimwambia Wylene tumbo linaniuma, nikabaki. Saa kumi na robo nikaruka ua. Ubao mmoja ukavunjika, nikaangukia mabegani. Nikaamka, nikakusanya makopo kumi na mawili kwenye toroli, nikageuka.

Bi Odessa alikuwa ameketi barazani na mkoba wake mapajani. Mpwa wake aliyekuwa amfuate kwa gari alikuwa amechelewa. Alikuwa amenitazama tangu mwanzo.

Mama wa watu ana utu. Aligeuza uso akatazama barabara, akaanza kuwaombea wezi kwa sauti kubwa, ili asiniharibie. Nilipofika kwenye ua akasema, bila kunigeukia, kwamba mwizi akimaliza aurudishie ule ubao. Kidogo nimwambie asante. Niliuma midomo hadi nyumbani.

Ijumaa, 30 Machi. Ijumaa Kuu

Nimepanda. Mtaa mzima umeinama, makalio juu. Nimetia nyanya za wizi, maharage mistari mitatu, bamia mistari miwili. Udongo mwekundu umeingia hadi masikioni. Mchana tulikula kambare wa kukaanga, na Cleavon akaja kula pia. Aliniuliza kama ardhi ni ngumu kiasi cha kubeba trela. Nikampa kambare mwenye miiba mingi.

Bi Odessa hakupanda hata punje. Ameketi barazani, ameelekeza kiti kanisani, anautazama mti wa pekani. Mti mtupu kama fimbo.

Imebaki pilipili kali. Hiyo sikuipanda, kwa sababu mimi najua kazi. Pilipili hupandwa na mtu mwenye hasira. Ukiipanda umetulia, inatoka tamu, legelege, haina maana. Baba yangu alikuwa mpole, basi kila mwaka alimwita jirani aliyekuwa amegombana na mkewe. Mimi nami hasira sina. Iliishia kwenye basi mwaka wangu wa tisa.

Anahitajika Wylene, na awe amekasirika. Hapo ndipo penye kazi. Miaka thelathini na minane ya ndoa, sijamwona mke wangu akikasirika. Huwa ananivumilia tu. Nimeiweka miche ishirini na minne ya pilipili dirishani, nasubiri.

Jumanne, 3 Aprili

Kumuudhi Wylene, jaribio la kwanza: nilisifu mkate wa mahindi wa marehemu mama yangu kuliko wake. Akasema ni kweli, Mungu amrehemu.

La pili: niliacha viatu vyangu vya matope juu ya viatu vyake vya kanisani. Akavisafisha vyote viwili viwili.

La tatu, na hili nililifikiria sana: alipokuwa akikoroga unga wa mkate wa mahindi akatoka kidogo, nikatia sukari. Vikombe viwili. Kwao sukari kwenye mkate wa mahindi ni jambo la kuvunja ndoa, babu yake aliwahi kuhama kanisa kwa ajili hiyo. Alionja. Akasema tutaula na maziwa, kisha akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama nimepima shinikizo la damu mwaka huu.

Usiku kabla ya kulala aliniombea kwa jina. Kuombewa kunavunja moyo.

Jumatano, 11 Aprili

Maharage yameota! Mistari mitatu, yameinua vichwa. Nyanya zimeshika. Nasimama kwenye ua saa ambazo Cleavon hupita, nimeweka mikono kiunoni. Leo alipita mara mbili, bila futikamba. Nimefurahi sana, nisifiche.

Bi Odessa hakufurahi. Kasema pekani bado tupu. Tena miiba kando ya barabara imeanza kuchanua yale maua meupe, na ikichanua hivyo lazima ije baridi ya mwisho. Nikamwonyesha kwamba nimevaa shati tu na jasho linanitoka. Akasema mwiba hauangalii shati la mtu. Akaongeza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimesikia mithali hiyo maishani mwangu mara elfu na miguu yangu yote miwili ni mizima.

Jumatatu, 16 Aprili

Redio saa sita mchana: usiku huu sakitu, ile barafu nyeupe ya alfajiri, kaunti nzima. Funika mimea.

Shuka? Wylene amezifungia kabatini tangu mwaka juzi, na sababu naijua. Magunia? Panya wameyala. Magazeti? Upepo.

Kisha nikaingia chumba cha wageni.

Wylene ndiye mwangalizi wa majoho ya kwaya. Baada ya Pasaka huyafua, huyapiga pasi, huyatundika humo hadi siku ya kuvaliwa tena. Kumi na manne. Zambarau, ukosi wa dhahabu. Nyanya zangu ni kumi na mbili. Niliyatazama kwa muda. Wylene alikuwa mazoezini na kwaya, na mazoezini hawavai majoho. Nikaona ni kama njia imetengenezwa.

Jua linazama nilikuwa nimemaliza. Kila nyanya na mti wake wa kuegemea, kila mti na joho lake, mikono nimeitandaza pembeni ili joto lisitoke. Mawili yaliyobaki nimeyalaza juu ya maharage. Ni kazi safi. Wylene alirudi gizani, hakuona kitu.

Jumanne, 17 Aprili

Bi Odessa aliamka wa kwanza. Alitazama nje, akaona watu kumi na wawili wamesimama kwenye kiwanja changu, wamevaa zambarau, weupe mabegani, wamekunjua mikono. Akajua ni Siku ya Mwisho na wateule wameanzia kwetu. Nilipotoka nilimkuta kwenye ua, amevaa kofia na glavu, mkoba mkononi, tayari kuondoka. Alisikitika kidogo kuona ni mimi.

Nikafunua joho la kwanza. Nyanya ilikuwa nyeusi kama majani ya chai yaliyokwisha kukamuliwa. La pili, vivyo hivyo. Zote. Maharage yamelala. Majoho yamekakamaa kwa barafu, matope hadi magotini, na mawili yana tundu.

Nasema kweli, nilitaka kulia.

Ndipo Wylene akatoka, na gauni la kulalia, na kikombe cha kahawa. Akayaona majoho. Aliweka kikombe chini polepole, juu ya ngazi. Uso wake ukabadilika ukawa uso nisioujua. Lo, salaale! Alianza na kwaya, akaja kwenye pasi, siku mbili nzima za pasi, akapanda hadi kwenye sukari, kumbe sukari alikuwa ameiweka moyoni, akafika kwenye mwaka tuliooana na ile safari niliyosahau kumshusha mama yake kituoni. Cleavon, aliyekuwa akipita tu, alirudi alikotoka.

Na mimi katikati ya hayo nikafikiri: pilipili!

Nilikimbia ndani, nikarudi na sinia la miche yote na kijiko kikubwa cha kupakulia, nikamnyooshea. Akauliza hii ya nini. Nikamweleza ukweli wote, kuhusu baba yangu na jirani yake, na kwamba nimemngoja wiki mbili na nusu akasirike. Nilidhani atafurahi kuwa na faida.

Alininyang'anya sinia. Akapiga magoti kwenye matope na gauni lake la kulalia, akaanza kuchoma ardhi kwa kijiko. "Hivi! Hivi ndivyo watu wanavyopanda, wewe kichwa cha boga! Unachimba! Unatia! Unafunika! Unaondoka!" Kila mche aliupa kosa langu moja, kwa jina. Miche ishirini na minne, na bado makosa yalibaki.

Nafasi kati ya mche na mche zilikuwa sawasawa kabisa. Saa tatu jua likakolea, baridi ikakatika. Majoho nimeyafua mimi, kwa mkono, na matundu nimeyashona, vibaya.

Jumamosi, 28 Aprili

Pekani ilichipua Jumatano. Bi Odessa alipanda Alhamisi, akamaliza kabla ya chakula cha mchana, akaenda kulala.

Mimi nilikuwa nimeshapanda tena tangu tarehe ishirini, ili nimtangulie. Maharage ya pili yalianza kuchomoza juzi. Jana asubuhi kulungu walikuwa wameyala yote. Nikakumbuka kwamba kulungu huogopa harufu ya nywele za binadamu. Kwa kinyozi hakuna kitu, wateja wake wote ni vipara wenzangu. Nikaenda saluni ya kina mama, wakanipa gunia zima, wakicheka. Nikazitandaza kotekote.

Leo alfajiri kulungu wamerudi, wamekula bamia, wamelala juu ya nywele. Zilikuwa za bandia. Kulungu hawaogopi nailoni.

Pilipili hawakugusa. Pilipili zimenenepa zinatisha.

Jumamosi, 5 Mei

Ukaguzi ni kesho. Nilichopanda kwa mkono wangu na kinachoishi: hakuna.

Cleavon ameileta boti tayari, imesimama barabarani mbele ya nyumba, imefungwa utepe mwekundu. Ameipaka rangi upya. Nilipita karibu nikaona ameandika jina la mama yao ubavuni, na hapo nikajua Wylene itamwia vigumu kumkatalia. Nilikaa kwenye ukingo wa kiwanja saa nzima. Nilimkumbuka baba yangu akimsemesha yule nyumbu. Moyo uliniuma, basi.

Kisha nikapata njia.

Duka la mimea liko mji wa pili. Nimeleta nyanya sita kubwa, zinanifika kiunoni, zina matunda, mawili yameanza kuiva. Hakuna muda wa kuzihamisha kutoka kwenye vyungu vyake. Nimezizika na vyungu vyote. Nimefunika kingo kwa majani ya msonobari. Wylene alikuwa kwa Bi Odessa akimsaidia kumenya njegere, hakuona. Ukisimama mbali, hata mimi nadanganyika.

Jumapili, 6 Mei

Tulitoka kanisani, tukafika. Wylene, kofia kichwani. Cleavon, ufunguo wa gari mkononi. Bi Odessa alikuja na kiti chake.

Wylene alizitazama nyanya. Akasema ni nzuri. Akauliza nimezipanda lini. Nikasema zimejitahidi. Akaishika moja shinani, akavuta kidogo, kwa vidole viwili. Ikatoka yote na chungu chake cheusi, safi kama jino la mtoto. Akaniwekea mikononi. Akavuta ya pili. Bi Odessa akasema amelima miaka sabini na hajawahi kuona nyanya iliyozaliwa na viatu.

Cleavon akaomba nisogee, anataka kugeuza trela.

Hapo nikaona mstari wa pilipili. Sijui kama niseme ni hila au ni ulimi tu, lakini nilisema: na hizo je? Zimepandwa, zinaishi, zimetoa maua, kiwanja kina kitu. Cleavon akasema dada, makubaliano ni makubaliano, hizo si za Elbert, umepanda wewe, mtaa mzima ulikusikia.

Wylene alikwenda akainama kwenye ule mstari, akageuza jani moja, akatazama chini yake. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilijua ndiyo kwaheri.

Akasema ni kweli kabisa. Amepanda yeye. Basi kiwanja ni chake.

Alimwambia Cleavon airudishe boti yake nyumbani na awasalimie watoto. Cleavon akaanza kutaja jina lililo ubavuni. Akaambiwa mama yao alichukia maji. Mimi nikaambiwa kesho saa kumi na mbili asubuhi niwe hapa na jembe, nichimbe atakapoonyesha, kina atakachosema, na nisifikiri. Bi Odessa akasema amina.

Kiwanja cha babu yangu, na mimi sasa ni kibarua wake! Lakini boti haikuingia, na hilo nalihesabu kuwa ushindi wangu, kwani ni nani aliyemkasirisha?

Kuna jambo moja tu linalonipa wasiwasi. Jioni nilichungulia dirishani. Wylene alikuwa amepiga magoti kwenye pilipili, anaimba polepole, anatabasamu. Amefurahi! Hakuna hasira hata chembe! Zitaharibika zote, zitatoka tamu, na mwenyewe hajui.

Kwa hiyo nimepiga simu mji wa Mobile kwa dada yake, Eulalie, ambaye hajasemezana naye tangu siku ya mazishi ya mama yao. Nimemwambia Wylene anamlilia usiku na mchana. Alishangaa sana, lakini amekubali kuja kukaa nasi mwezi mzima. Anafika Jumanne saa nne asubuhi, na mbwa wake wote wawili.